Kitalu cha Sebuleni

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Mume wangu Masele ananijua. Hata anavyofunga ndama namkosoa. Lakini Hilaria nitamsifu mpaka naingia kaburini, na asiyetaka kusikia aondoke.

Tulikuwa majirani Mwamkulu, mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kwenye kijiji kipya, nyumba zetu zimepangwa mstari kando ya barabara. Sisi Wasukuma tulikuja na ng'ombe. Hilaria na mumewe Gaspar ni Wapimbwe, watu wa mpunga. Tulitaniana kutwa: mimi nikimwita chura kwa kushinda majini, yeye akinijibu kwamba afadhali chura kuliko anayenuka zizi.

Siku chache kabla ya Noeli ikashuka mvua yenye upepo ambayo sijaiona tena. Mto ulifurika mchana kweupe, ukapanda hadi barabarani. Nyumba yangu ilianguka yote. Ya Gaspar ilisimama, maana aliinua msingi kwa udongo wa kichuguu, nasi tukamcheka kwamba anajenga kanisa. Maji yaliingia mle, yakatoka, yakaacha tope la kufunika miguu, lakini kuta na paa vilibaki. Gaspar aliizunguka nyumba yake akizipapasa kuta kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe aliyepotea.

Hilaria hakuzitazama kuta. Alikwenda kwenye kihenge, akaingiza mkono, akautoa umejaa mpunga uliolowa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake yote.

Mbegu ya mpunga ikishalowa haingoji mtu. Usipoiwahisha kitaluni, inaoza. Wao wenyewe huilowesha makusudi na kuivundika ichipue, lakini kitalu kikishakuwa tayari. Sasa kitalu kingetoka wapi? Mbuga yote ilikuwa ziwa. Kule kwenye mwinuko wa shule, tulikolala madarasani, ni changarawe tupu, na ng'ombe wetu kwa njaa walikuwa wanatafuna hata nyasi za mapaa yaliyoanguka. Tuliambiwa mbegu nyingine italetwa na treni kutoka Kaliua, na reli yenyewe ilikuwa imekatwa na maji. Bila mbegu hakuna mavuno, na Hilaria alikuwa na watoto wa kulisha mwaka mzima.

Kesho yake asubuhi punje zilikuwa zimeanza kutoa ncha nyeupe. Nilimkuta Hilaria amesimama mlangoni kwake anatazama tope lililotanda sebuleni. Tope jeusi, laini, la mbugani kabisa. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba kitalu amekipata, ila kina giza, kinahitaji jua. Nilidhani mafuriko yamemwingia kichwani.

Gaspar alielewa kabla yangu.

"Mama Salvatori," akamwambia mkewe, "kwetu nyumba inaezuliwa mwenyewe akishazikwa. Na matofali haya ni mabichi, paa likitoka mvua inayayeyusha. Watu watapita hapa waseme haya ni mahame ya Gaspar, na mimi niko hai."

"Nyumba tutajenga kiangazi, Baba Salvatori. Mbegu haijengwi."

Gaspar akageuka, akaondoka. Hilaria akaleta ngazi.

Kwao, kama kwetu, mwanamke hapandi juu ya paa. Nilimwambia hivyo. Akafunga kitenge vizuri kiunoni, akachukua mundu, akaniomba nimshikie ngazi. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, ikabidi niyaoge. Akaanza kukata kamba, nyasi zikaporomoka, na watu wakakusanyika barabarani. Wengine walishika vinywa. Niliona aibu, nikaona na fahari, zote pamoja.

Gaspar akarudi. Niliishika ngazi kwa nguvu nikidhani ataisukuma. Alisimama tu, kichwa juu, mpaka mkewe akamwona.

"Shuka," akasema. "Niliezeka mwenyewe, nitaezua mwenyewe."

Akapanda. Aliezua mpaka jioni huku machozi yanamtoka, akiyafuta kwa mkono wenye vumbi la nyasi wala hajifichi. Sijawahi kumheshimu mwanamume kiasi kile, na Masele akasirike akitaka.

Hilaria alilisawazisha tope kwa viganja, sebuleni na chumbani, akaimwaga mbegu. Gaspar akatoboa ukuta wa nyuma maji ya mvua yapate kutoka, akaziba mlango kwa matawi ya miiba. Ng'ombe wetu walikuja, wakazunguka, wakashindwa. Mvua nayo ilikuwa inazila kuta kila siku, kama alivyosema Gaspar. Alikuwa anaziona zinavyoshuka. Miche ikatoka kijani, imebanana vizuri.

Maji yalipopungua mbugani, wanawake wengine hawakuwa na cha kupandikiza. Mbegu zao zilikuwa zimeozea kwenye magunia. Hilaria akatuma ujumbe kila mwenye jaruba la mpunga aje na kikapu, kwamba miche itatosha wote ikigawanywa kwa huruma. Hata mimi niliitwa, mchunga ng'ombe, nikafundishwe uchura.

Tulifika asubuhi, tuko wengi. Kuta zilikuwa zimebaki za kufika magotini. Mtu yeyote angeweza kuinua mguu akaingia. Fremu ya mlango tu, ya mninga, ndiyo ilikuwa imesimama, na miiba imeondolewa. Gaspar alikuwa ndani, ameinama, anang'oa miche taratibu.

Mama Katarina, mkubwa wetu, hakuuvuka ukuta. Alizunguka mpaka kwenye ile fremu, akasimama mbele yake na kikapu chake.

"Hodi humu ndani," akasema.

Sote tukajipanga nyuma yake. Gaspar aliinuka, matope mpaka viwikoni, akatutazama tulivyosimama mlangoni kwake.

"Karibuni," akasema. "Karibuni ndani."