Mkwe Haingii Chumbani

Bibi yangu Elina aliteleza zizini kwenye tope, akaangukia ubavu wa kulia. Wanawake wa jirani walimbeba na godoro lake, tukampeleka Singida mjini. Picha ilionyesha ufa kwenye nyonga. Ni ufa tu, daktari alisema, mfupa bado umekaa mahali pake.

Akatuambia kwamba Dodoma kuna roboti. Ni mkono wa chuma unaofuata picha za mfupa na kumwonyesha daktari mahali hasa pa kupitisha vyuma, kwa vitundu vidogo, bila kupasua paja zima. Bibi angeweza kutembea tena. Ila mpaka siku hiyo asikanyage chini. Akikanyaga mfupa utaachana, na hiyo roboti haitakuwa na la kufanya.

Bibi alisikiliza yote, kisha akanivuta sikio karibu. Mimi na yeye tunafanana, hatuwezi kuuliza wakubwa kama daktari.

"Yasinta, hiyo mashine ni mwanamume au mwanamke?"

Daktari alisikia, akacheka. "Si mtu, bibi. Ni chuma."

"Afadhali," bibi alisema. "Chuma hakina ukwe."

Vitanda vya pale vilikuwa vimejaa, tukarudi naye nyumbani Ilongero kusubiri zamu yake ya Dodoma. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimwekea beseni. Moyo wake ulikuwa mweupe siku zile. Alisema akipona atakwenda kanisani kwa miguu yake, asiletewe ushirika kitandani kama mtu anayeagwa.

Siku ya safari ilipofika, baba mdogo Chediel alikuja na pikapu anayobebea alizeti. Yeye ndiye aliyemwoa mama mdogo Dorkas, binti wa bibi. Wanawake waliombeba bibi mara ya kwanza walikuwa wamekwenda kuzika Sepuka. Tulibaki Chediel, jirani yetu Festo, mama mdogo na mimi. Godoro lina pembe nne na sisi tulikuwa wanne.

Chediel alisimama uani, kofia mkononi. Tangu aoe, hajawahi kumpa bibi mkono wala kula naye sahani moja. Kwetu mkwe husalimia kwa mbali, macho chini, na chumbani kwa mama mkwe haingii.

"Pembe ya nne anashika nani?" bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Chediel," mama mdogo akajibu.

Bibi alijivutia khanga kifuani. "Mimi hapa nimejifunga khanga tu."

"Tutakufunika blanketi, mama."

"Blanketi litanifunika mimi. Aibu mtaifunika na nini?"

Festo akachungulia mlangoni. "Mama, huyu mkwe wako tumfunge kitambaa machoni. Nitamwongoza mimi, kama ng'ombe wa plau."

"Festo, wewe akili zako ulizisahau machungani."

Hata Chediel alicheka, akiangalia ardhi. Kisha akasema kwa upole, "Mwambieni mama, mimi nipo tayari kufungwa."

Bibi hakumjibu, maana huwa hamjibu moja kwa moja. Alituambia tutoke wote tukatandike gari kwanza. Alitaka gauni lake la kanisani liwekwe karibu, alivae akiwa amelala, kisha atatuita. Nikamwekea.

Tulikuwa tunatandaza majani makavu nyuma ya pikapu niliposikia bawaba za mlango. Bibi alikuwa amesimama kizingitini, gauni limekaa upande, mkono mmoja ukutani. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

"Nimefika," alisema. "Sasa nibebeni hapa nje, kama watu."

Mguu wa kulia ukamkataa. Aliyekuwa karibu naye ni Chediel. Niliona mikono yake ikinyooka, kisha ikarudi nyuma yenyewe. Festo aliruka kutoka kwenye gari lakini hakuwahi. Bibi alipolala pale chini, unyayo wake ulikuwa umegeukia nje, na mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake.

Dodoma walimpiga picha nyingine. Daktari Radhia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuchoka, aliziweka picha zote mbili pamoja. Katika ya kwanza ilibidi aonyeshe ufa kwa ncha ya kalamu. Ya pili hata mimi niliielewa.

"Roboti inaelekeza chuma kishike mfupa na mfupa mwenzake," alisema. "Hapa vipande vimeshaachana. Angehitaji nyonga ya bandia, na moyo wake hautahimili upasuaji ule. Tukimlaza usingizi, hataamka."

"Basi tufanyeje?" mama mdogo aliuliza.

"Dawa za maumivu. Mumgeuzegeuze asipate vidonda."

Wakati tunatoka tulipita kwenye mlango wa kioo. Ndani niliiona ile roboti, imefunikwa plastiki, mkono umekunjwa. Bibi aliomba kitanda chake kisimamishwe kidogo. Aliitazama, halafu akageuza uso ukutani.

Tuliporudi Ilongero, wanawake walikuwa wamesharudi kutoka msibani. Walishika godoro, lakini bibi alipiga kelele kila lilipopinda katikati, wakaliacha. Festo akasema mtu mmoja mwenye nguvu ambebe mikononi, amlaze bapa. Mwenye nguvu hizo alikuwa mmoja. Wote tulimtazama, naye akamtazama mke wake.

"Yasinta," bibi aliita. "Nifunike uso."

Nikamfunika kwa khanga. Chediel akaingiza mikono chini yake, akamwinua kama mtoto mchanga. Akapita naye kizingiti, akaingia chumbani, shingo ameigeuzia pembeni muda wote. Alipomlaza alijigonga kwenye meza ya dawa, kwa sababu hakuwa akitazama. Kisha akatoka kinyumenyume, akaenda kusimama nyuma ya zizi peke yake.

"Ametoka?" bibi aliuliza chini ya khanga.

"Ametoka, bibi."

Nilisubiri ajifunue. Chai niliyomwekea mezani ikapoa. Nilipotaka kuiondoa ile khanga mimi mwenyewe, aliishika kwa vidole vyake vyote.