Springi za Safari ya Mlingotini

Gari la Abbasi lilikuwa Pijo 404, stesheni ndefu ya mlango wa nyuma, rangi ya maziwa yaliyolala, na Mtaa wa Sikukuu wote ulilijua kwa mlio kabla halijakunja kona. Alilinunua kwa mpima ardhi wa Kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, na tangu siku ile halikuwahi kuwa lake peke yake. Lilibeba mabibi harusi, lilibeba wagonjwa, lilibeba masufuria ya maulidi yenye masizi mpaka Sitara, mkewe, akachoka kusugua. Jirani akija asubuhi na salamu ndefu kupita kawaida, akiuliza mpaka hali ya paka, Abbasi alikwisha kujua kwamba kuna kabati la kuhamishwa.

Kazi yake ilikuwa kupanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji huko Posta, na mtu akishapanga herufi moja moja kwa miaka mingi, macho yake hayastahimili kitu kisichokaa mahali pake. Kwa gari alikuwa na ukaidi uleule. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mji mzima ulikuwa ukitembea kwa viraka. Bushi zilichongwa kwa matairi makuukuu, gaskiti zilikatwa kwa makopo na kandambili, na magari yaliitikia, yakikohoa. Abbasi hakutaka kusikia habari hizo. Kitu kisichotoka kiwandani lilikozaliwa gari hakikuingia garini. Fundi Kasmir wa Ilala, mtu wa Songea mwenye mdomo mwepesi, alimwambia gari lake linadeka kuliko kitinda mimba, na Abbasi alicheka asibadilike hata kidogo.

Spea zilitoka kwa binamu yake, Hamis, baharia. Kila akirudi alikuwa na kitu alichokifungia ndani ya godoro lake: pampu ya maji ikiwa bado katika karatasi yake ya mafuta, au mpira wa rejeta ulionukia upya. Safari moja alikuja na siti ya tatu, ile ya kukunjwa, iliyotengenezwa kwa stesheni za kubebea familia. Safari iliyofuata alileta springi nzito za nyuma za gari la aina hiyohiyo, maana kuongeza siti bila kuongeza springi ni kulivunja gari mgongo. Kasmir alizipangusa kwa shati lake kabla ya kuzifunga. Nyuma ya gari ikainuka, likasimama kwa madaha kama mtu aliyetoka kupokea mshahara. Hamis alikuwa amevinunua vyote mkono kwa mkono katika bandari za watu, na habari ya stakabadhi hakuna aliyeiwaza.

Siti ya tatu ilikuwa ya Bi Mwanamkuu, mama yake Abbasi. Yeye ndiye aliyepanda na kukaa pale nyuma peke yake, buibui limekusanywa magotini, akitazama njia ikirudi nyuma badala ya kuja mbele, na akakataa katakata kuhamia mbele kama mtu mzima. Mara chache, mafuta yakipatikana, Abbasi alimpeleka Mlingotini, karibu na Bagamoyo, alikolala mumewe na mtoto wake wa kwanza. Walitoka Jumapili alfajiri na kurudi mbio, maana ikipita saa nane mchana magari yalikuwa marufuku barabarani. Njia ilikuwa mashimo na mchanga, lakini kwa springi zile bibi alifika akiwa na kahawa yake ndani ya chupa, haijamwagika.

Huko ndiko alikotaka kuzikwa. Alisema jambo hilo mara nyingi, bila kulia, kama mtu anayeagiza sukari.

"Mjini nimeishi na watu wa kila namna, na sikumkataa hata mmoja," alimwambia mwanawe. "Lakini kaburini sitaki kuanza kujuana upya. Nilaze kulia kwa baba yako. Gari unalo."

Abbasi aliapa. Kila spea aliyoitia garini tangu hapo aliitia kwa ajili ya safari ile moja. Watu walidhani anapenda gari, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na tatu, na vita dhidi ya wahujumu uchumi. Redio ilisema wanaoficha mali watatolewa waliko, na Kariakoo, iliyokuwa na kiu ya sabuni miezi na miezi, ghafla ikaonekana na sabuni mpaka mitaroni. Watu walitupa. Walitupa vitambaa, dawa za meno, betri, mafuta ya kupikia, vitu ambavyo juma lililopita wangevipigania. Nyumba ya pili kutoka kwa Abbasi, askari na mgambo walimchukua Pius, muuza duka, pamoja na mabati aliyokuwa akiyaweka kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Pius alikuwa mtu wa kanisani, wa kurudisha chenji. Aliondoka akiwa amevaa kiatu kimoja.

Jioni ile ile ikavuma kwamba huko Ilala mtu kakamatwa kwa tairi mpya. Hakuna aliyemjua mtu huyo. Hakuna aliyeziona tairi. Lakini Abbasi alipolala alihisi zile springi zikimkandamiza kifuani, mpya, nyeusi, zenye chapa ya kiwanda inayosomeka na kila mwenye macho, na yeye hana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha zimeingiaje nchini. Aliogopa. Tuseme wazi, kwa sababu mjini wakati ule kila mtu aliogopa na baadaye kila mtu akajidai hakuogopa.

Aliomba ruhusa kazini, akatandaza turubai ubavuni mwa nyumba na kuanza kuvua gari kwa mikono yake. Springi za zamani alikuwa nazo, maana enzi zile hakuna aliyetupa chuma. Zilikuwa chini ya kitanda cha mama yake, zimelegea, moja ina ufa mwembamba. Akazifunga. Pampu ya zamani alishampa Kasmir, naye Kasmir akamrudishia, lakini bushi ilikuwa imekwisha, na iliyowekwa badala yake ilikuwa ya kuchonga. Kasmir alimsihi angoje. Alimwambia anaivunja nyumba kwa kusikia kwamba mvua itanyesha. Abbasi akachukua pampu na kuondoka. Siti ya tatu aliiacha kwa sababu ilikuwa imechakaa vya kutosha kuonekana halali.

Bi Mwanamkuu alitoa kiti chake mlangoni akamtazama akifanya kazi.

"Zile nzuri unazipeleka wapi?"

"Naziweka, mama. Mambo yakitulia nitazirudisha."

"Mahali pazuri?"

"Pazuri."

Mahali penyewe palikuwa Jangwani. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na bonde lote limejaa maji ya tope. Alasiri, Sitara alizipanga springi na pampu ndani ya kapu kubwa, akafunika na mchicha, kisha yeye na mumewe wakashika kila mmoja mkono wa kapu, wakaenda kama watu watokao sokoni, huku kapu likiwavunja mabega. Pale mtoni kulikuwa na watu wengine wenye makapu na vifurushi, na kila mmoja aligeuza uso ili asimtambue mwenzake. Abbasi alitazama maji yakizimeza. Pampu ilikuwa bado na mafuta ya injini, nayo yalibaki juu ya maji kwa muda, yakimeremeta.

Nyumba ya Abbasi haikupekuliwa. Si siku ile, si juma lile, wala baadaye.

Bi Mwanamkuu alifariki katikati ya masika, baada ya sala ya alfajiri, akiwa bado juu ya mswala. Hakuugua, hakumsumbua mtu. Wanawake walimwosha, sanda ikakatwa, na wanaume wakakaa barazani chini ya mvua kuulizana. Zahoro, mdogo wake Abbasi, alisema wamzike palepale mjini, mvua hii si ya kuchezea. Abbasi alisema wanakwenda Mlingotini. Alilisema mara moja, kwa sauti ambayo Zahoro hakuwahi kuisikia kwake, na neno likaishia hapo.

Walikunja siti ya tatu, wakaingiza jeneza kwa nyuma, likaenea sawasawa kama lilivyopimwa. Wanawake walibaki nyumbani kama ilivyo desturi. Alikwenda Abbasi, Zahoro, mwalimu wa madrasa na jirani mmoja. Gari lilikuwa limelala nyuma mpaka ekzosi ikawa inagusa maji ya barabarani. Jangwani hapakuwa na njia, wakapitia Daraja la Salenda, na dirisha likiwa wazi Abbasi alisikia springi zikilia kila shimo, na alilijua shimo lenyewe na jinsi walivyokuwa wakilipita zamani bila kulitambua.

Baada ya Tegeta kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja na mgambo wawili, na malori yaliyosimamishwa, mizigo yake imeshushwa kwenye tope. Hiki ndicho kitu alichokiota kila usiku kwa mwezi mzima. Hakuwa na kitu tena cha kuficha, lakini alipunguza mwendo kabla hajapungiwa mkono. Askari aliinama dirishani, akaliona jeneza na kanga iliyolifunika. Akavua kofia kwenye mvua.

"Poleni sana," alisema. "Nani wenu?"

"Mama yetu," Zahoro alijibu.

Askari aliinua mti wa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe. Hakutazama chini ya gari. Hakuomba karatasi yoyote. Abbasi alipita, na kwa muda mrefu hakuweza kubadili gia, wala hakuweza kumwambia mdogo wake kwa nini machozi yalikuwa yakimtoka vile sasa, wakati nyumbani alikuwa mkavu.

Walipofika Bunju springi yenye ufa ilikatika. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kuni inayovunjwa kwa goti. Gari likaegemea upande, jeneza likateleza likagonga ubavu, na mwalimu akalishika kwa mikono miwili huku akisoma. Abbasi alisema wataenda taratibu. Walikwenda taratibu, na kwa kuwa walikwenda taratibu juu ya tope zito injini ilichemka, ile bushi ya kuchonga ikaachia, maji ya rejeta yakamwagika yote barabarani yakachanganyika na mvua. Hapo likawa limekufa kabisa.

Walingoja. Lori moja lilipita kwenda mjini, si walikokuwa wakienda wao, na dereva akasema mafuta yake ni ya kufika tu. Baada ya hapo hakuna kilichopita. Zahoro alitaka walibebe mabegani, wakatazamana, watu wanne na njia ya nusu siku. Adhuhuri ikapita. Watu wa kijiji wakaanza kutoka mmoja mmoja na miavuli na majani ya migomba, wakatoa pole, wakaleta mikeka, na mwishowe imamu wao, mtu mpole, akamvuta Abbasi pembeni akamkumbusha kwamba maiti haachwi akasubiri. Makaburi yao yapo karibu, vijana wana majembe.

Abbasi alilitazama gari, kisha akaitazama njia ya kwenda Mlingotini jinsi ilivyokuwa tupu. Aliitikia kwa kichwa.

Walimswalia baada ya alasiri. Kaburi lilikuwa likijaa maji wakalichota kwa ndoo. Imamu aliuliza jina la marehemu na la mama yake kwa ajili ya talkini, maneno ya kumkumbusha maiti kaburini, na Abbasi akamwambia ni Mwanamkuu binti Kijakazi. Talkini ikasomwa kwa sauti nzuri na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Udongo ulipokuwa ukisawazishwa, Abbasi aliona upande wa kulia kaburi jingine, halijaota nyasi.

"Hapa amelala nani?" aliuliza.

"Mpita njia mmoja," imamu alisema. "Alikuwa na homa kali. Jina hatukuwahi kulipata."

Walirudi mjini kesho yake, juu ya lori la mihogo. Gari waliliacha. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka wakingoja habari. Sitara alitoka nje peke yake alipomwona mumewe anashuka upande wa pili wa barabara, bila gari, na tope jekundu mpaka magotini. Mlingotini ni mchanga mweupe, na Sitara alikuwa amekwisha kuung'uta kwenye kanga za mavyaa yake mara nyingi.

"Wapi?" aliuliza.

"Bunju."

Alikaa chini palepale kizingitini, mahali alipokuwa akikaa bibi.

"Kapu nilikushikia mimi," alisema.

Abbasi alikaa kando yake. Alitaka kumwambia kwamba kosa si lake, akaona kwamba akisema hivyo itabidi aseme ni la nani, akaanza kukwangua tope magotini.

Hamis alirudi kutoka baharini wakati masika yamekwisha. Alikuwa amesikia msiba bandarini, lakini ya Bunju hakuna aliyekuwa amemwambia. Alilia, akamwomba Mungu ampe bibi makazi mema kando ya mumewe. Kisha akafungua mfuko wake akatoa pampu mpya na springi mbili nzito, zimefungwa karatasi za mafuta, na juu yake akaweka karatasi yenye mihuri ya forodha. Alisema zile zisizo na karatasi sasa zivuliwe; safari hii amelipia kila kitu, kisheria, ili binamu yake alale usingizi.

Abbasi aliipokea stakabadhi. Aliisoma yote mpaka chini, herufi kwa herufi kama alivyozoea kazini, akaikunja vizuri, akamwuliza Hamis kama amekwisha kula.