Mpaka wa Sufu na Bati

Baba yangu, mzee Mugenzi, alikuwa amegoma kula. Tulimzika mama, mwezi haukuisha akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na sasa alikuwa amelazwa hospitali Kanombe akisukuma kila sahani. Daktari alisema wazi kwamba asipopata nguvu kidogo, hawezi kumpasua. Kitu pekee alichoomba ni maziwa ya moto ndani ya icyansi cha mama, kile chombo cha mti chenye mfuniko wa kusuka.

Nikampelekea. Mimi ninakaa Gatsata, na kutoka huko hadi Kanombe ni mwendo. Alikitazama tu chombo, akageukia ukuta.

"Yamepoa, Kellen."

Na kweli yalikuwa vuguvugu. Chupa ya chai aliikataa, eti maziwa yananuka chuma. Basi nikasema moyoni, sawa mzee, hapo umeingia kwenye kazi yangu. Mimi hufundisha chuoni jinsi ya kukadiria safari ya joto kwa kompyuta. Nitakivisha kile icyansi koti: sufu ya kondoo, kisha bati. Swali lilikuwa sufu iwe nene kiasi gani.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaukata ukuta wa chombo, humo ndani ya kompyuta, kuwa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Kila kipande unakiuliza: jirani yako ana joto gani, nawe unampa kiasi gani? Unasogeza saa kidogo, unauliza tena.

Mara ya kwanza, humo kwenye kompyuta, maziwa yangu yalipoa kabla hata ya kufika Nyabugogo, hapo karibu tu na kwangu. Nikaongeza sufu, yakapoa vilevile. Nikagombana na kompyuta, nikagombana na paka wa jirani. Ndipo nikaona: pale sufu inapokutana na bati nilikuwa nimechukua wastani wa kawaida wa vyote viwili, kosa ambalo wanafunzi wangu huwa nawakatia alama bila huruma. Mpakani mambo hayaendi hivyo. Anayepitisha joto polepole ndiye anayeamua mwendo, na mwenye haraka atamsubiri. Nikasahihisha mstari mmoja, maziwa yakafika Kanombe yakiwa moto.

Silvère, fundi bati wa Gisozi, aligeuzageuza mchoro wangu akicheka. "Dada, hii kitu iko ya maziwa ao iko ya roketi?"

"Ni ya baba yangu. Hali chakula."

Akaacha kucheka. Alilikunja lile bati kwa uangalifu mpaka kingo zote zikawa laini.

Jumapili asubuhi nilichemsha maziwa, nikafunika, nikapanda pikipiki nimekikumbatia chombo kifuani. Mfuniko sikuugusa. Nilikuwa nimekadiria ufunguliwe mara moja tu, na baba mwenyewe. Nikamwekea mikononi.

Hakuufungua. Alilitazama koti la bati, akanitazama mimi.

"Yamepoa."

Hasira ikanipanda hadi masikioni. "Mzee! Hata mfuniko hujagusa! Yamepoaje?" Nikamnyang'anya chombo, nikang'oa mfuniko, mvuke ukanipiga usoni, nikapiga funda kubwa ili nimkomeshe. Ulimi ukaungua. "Yanachoma! Ona!" nilipiga kelele, machozi yananitoka, povu la maziwa limenijaa mdomoni.

Baba akanyoosha mikono yote miwili. "Ee. Sasa lete."

Akanywa. Alikunywa polepole, anapumzika, anakunywa tena, nami nimesimama na ulimi wangu wa moto, sielewi kitu. Alipofika katikati akafuta mdomo.

"Mama yako alikuwa anaonja kwanza," alisema. "Kila siku. Anaonja, halafu ananipa."

Kwetu anayekuletea kinywaji hukionja mbele yako. Hilo nalijua tangu tukiwa wakimbizi Karagwe, na siku zote hizi nilikuwa nahangaika na bati. Nilimkumbuka mama na povu lake mdomoni, nikalia kweli sasa, si kwa ulimi.

Nikakaa kitandani kando yake. Nilitaka kumwambia anywe upesi, yasije yakapoa. Akanirudishia chombo, nikaonja, nikampa tena.