Novena Niliyoikata

Jioni ile Mama Éliane alikuta nimeweka kiti katikati ya mlango, na mimi nimekikalia.

Yeye njo kiongozi wa grupu yetu ya maombi pale parokia. Tangu mwaka jana anamwombea mimba mkwe wangu Francine, bibi ya mwanangu Monga. Desturi yake ni moja: Francine akimaliza tu hedhi, novena inaanza hapa nyumbani kwetu. Siku tisa bwana na bibi wafunge chakula mpaka jioni, wala wasilale pamoja, ili sala ipande safi. Monga anabeba mkeka, anakuja kulala saloni. Kila mwezi hivyo. Kila mwezi, damu.

Na Umba, mdogo wa marehemu bwana wangu, ameshasema: mahindi yakivunwa bila mimba, Francine atarudishwa kwao Kabongo.

Sasa asubuhi ya siku ile, novena ikiwa katikati, tulikuwa tunatwanga majani ya muhogo, sombe. Francine, ambaye masista wa kituo cha afya walimfundisha kujiangalia, akaniambia macho chini:

"Mama, ute yangu imekuwa kama weupe wa yai bichi. Inavutika bila kukatika. Masère wa kituo anasema siku za kushika mimba njo hizi. Ikikauka, basi."

"Na miezi ya nyuma?"

"Ilikuja vile vile. Monga akiwa kwenye mukeka."

Mchi ulinibaki mkononi. Mwaka mzima tunamlilia Mungu mvua, na mvua ikinyesha tunamfungia mpandaji ndani ya saloni.

"Mama Monga, sogea tupite," akasema Mama Éliane jioni ile pale mlangoni. Nyuma yake walikuwa bamama wawili na rozari zao.

"Leo hakuna sala hapa."

Akacheka kidogo. "Weye? Weye mwenye kufika misa kabla ya padri?"

"Njo minyi."

Nikamweleza yote, bila kuficha neno. Akakunja uso.

"Mambo ya chini ya nguo unaleta kwenye novena? Mungu hapangi kazi yake na ute."

"Na ile ute nani aliiweka pale? Shetani?"

Mama mmoja akafunika mdomo na kitambaa. "Hata minyi naonaka ile ute," akamnong'oneza mwenzake.

"Mimba ikikosa, iko juu yako," Mama Éliane akasema. "Nitamwambia Umba umekata novena."

"Mwambie. Mwambie na mwana wangu alikuwa analala wapi, na kwa amri ya nani."

Akageuka, bamama wakamfuata.

Monga alikuwa amesimama nyuma yangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, anaangalia vidole vya miguu yake.

"Mama, tuliahidi siku tisa."

"Zilizobaki nitazimaliza minyi. Njaa yenu nitafunga minyi. Weye beba mukeka yako, ingia kwa bibi yako."

"Jua iko bado, Mama."

"Na ute inangojeaka jua izame?"

Akaingia. Nikasikia komeo.

Kwa jirani walikuwa wanasonga bukari, na harufu ya samaki ya Kinkondja ilinifikia mpaka tumboni. Nikatoa rozari yangu, nikaanza. Kwenye kiti sikutoka. Kama Umba angekuja jioni ile, naye angenikuta pale.