Mbao Fupi za Lorraine

Wendell Pelkey alipoziona zikitolewa kwenye buti la gari alicheka mpaka kofia ikamshuka machoni. Ski mpya za mkewe, mbao za kutelezea kwenye theluji, hazikumfika hata kiunoni.

"Hizo umemnyang'anya mtoto wa nani, Lorraine?"

"Cheka tu. Ukimaliza, nishikie glavu."

Ukweli ni kwamba alicheka kwa woga. Lorraine alikuwa amewekewa goti la bandia, na kila alipojaribu kurudi mlimani na ski zake ndefu aliishia kuteremka kwa makalio, analia kwa hasira. Jana, akisugua sufuria ya maharage, alisema bila hata kugeuka kwamba leo ndiyo mwisho. Akishuka kutoka kileleni kwa miguu yake, sawa. Akishindwa, vifaa vyote vya ski vinakwenda kwa binti yao, na Wendell atapanda mlima peke yake mpaka azeeke. Wendell alishapanda peke yake msimu mzima uliopita. Alikichukia kile kiti cha watu wawili kinachoning'inia kwenye kamba kupandisha watu mlimani, upande mmoja yeye, upande wa pili upepo mtupu wa Vermont.

Kileleni theluji ilikuwa ya mwezi wa tatu, nusu yake barafu. Lorraine alifunga mabuti, akasimama bila fimbo za kujisukumia, mikono mitupu. Wendell alikohoa. Huyu bwana amefundisha ski watoto wa mji ule tangu ana nywele, na wimbo wake ni mmoja.

"Kifua mbele, mpenzi! Kandamiza buti, egemea mbele!"

Lorraine akaegemea mbele. Ski ndefu ingempokea, lakini ubao ule mfupi mbele yake ulikuwa umeshakwisha. Akaenda chini na pua. Vishikio vya mabuti vikafunguka kama vilivyotakiwa, goti likasalimika, ila uso wote ukajaa theluji.

"Hukuegemea vya kutosha," Wendell akasema.

Lorraine akainuka, akajipangusa, akaegemea zaidi. Akaenda na pua tena, safari hii mbele ya vijana waliokuwa wanapita, na mmoja akapiga mluzi. Lorraine akabaki amekaa pale pale. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na Wendell alijua haikuwa kwa baridi. Alitaka kusema neno la kumwokoa, na neno pekee alilokuwa nalo lilikuwa lile lile.

"Jaribu tena, ila kifua—"

"Wendell."

"Naam?"

"Funga mdomo wako, baba. Nakupenda, lakini funga."

Akaufunga. Lorraine akasimama, akajinyoosha wima, uzito wote katikati ya nyayo, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa muuza mikate. Wendell aliuma glavu yake ili asipige kelele, maana kwa macho yake ya ualimu ule ulikuwa msimamo wa kutia aibu.

Kisha Lorraine akaondoka.

Alikata kulia, akakata kushoto, mikato midogo ya haraka, magoti yote mawili yanacheza. Penye matuta aliyapita kana kwamba anashuka ngazi za nyumbani kwake. Penye barafu aligeuza nyayo tu, akageuka mwili mzima, akashuka kinyumenyume kidogo, akamwangalia mumewe kule juu, akacheka, akageuka tena. Mama mwenye wajukuu! Wendell alisahau kumfuata. Alisimama kinywa wazi, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Alikuwa hajaona kitu kizuri namna ile mlimani, na ameona mengi.

Wendell alipofika chini, anahema, ski zake ndefu zikiwa zimemtupa mara moja kwa sababu alikuwa anamtazama mkewe badala ya njia, Lorraine alikuwa ameshajipanga kwenye foleni ya viti.

"Mzee umechelewa. Ulikuwa unapiga picha?"

"Lorraine," akasema. "Hizi safari zote ulizoshindwa... nilikuwa nakupigia kelele ile ile?"

"Ile ile."

"Na goti?"

"Goti zima. Lilikuwa zima muda wote. Kelele zako ndizo zilikuwa zinanikaza mwili."

Kiti kikaja, wakakaa. Wendell akamshika mkono njia nzima, glavu kwa glavu. Kileleni Lorraine alisogea pembeni kumpisha, kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yao, yeye mwalimu atangulie na mkewe afuate nyayo.

Wendell hakusogea.

"Tangulia wewe," akasema. "Nataka nione unavyofanya."