Vichwa vya Gogogo

Khadidja, muuza samaki wa Buyenzi, alikuwa na sheria isiyo na mjadala: gogogo, yule samaki wa ziwani mwenye miiba, haingii nyumbani kwake na miiba yake. Wauza samaki wote wa Bujumbura hufanya hivyo. Miiba ya kichwani huvunjwa kwa koleo palepale ufukweni, maana ikikuchoma utaijua siku hiyo.

Aliyemvunjia sheria ni mpangaji wake, mwalimu Hyacinthe. Huyu alikusanya vichwa vya gogogo na miiba yake yote, akivianika jikoni. Zamani sana, alimweleza, mababu wa gogogo walikuwa na vichwa laini, wakimezwa tu na samaki wakubwa. Aliyezaliwa na kinundu cha mfupa alitemwa, akaishi, akazaa. Vizazi kwa vizazi kinundu kikawa mwiba. Khadidja alicheka, akamwuliza walimu wataota miiba yao lini. Lakini alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja, akamwachia vichwa vyake.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa tisini na tano, mauaji yametanda mjini, walimu nao walikuwa wakimezwa. Mchana mmoja vijana wenye mapanga waliingia uani wakimtaka Hyacinthe. Alikuwa amelala darini, chini ya bati linalochoma, na akikohoa tu amekwisha. Khadidja akasema mwalimu alihama zamani. Wakapekua vyumba, wakapindua magodoro, wasione mtu. Walipogeuka kuondoka, Khadidja akaanza kupumua.

Ndipo kiongozi wao, Rénovat, akasimama jikoni. Alikuwa mtoto wa muuza samaki.

“Hakuna mwanamuke anaingizaka gogogo mu nyumba na miiba,” alisema. “Hivi vichwa ni vya mwalimu. Na bado ni vibichi.”

Khadidja alijilaani moyoni. Vichwa vile vilikuwa mbele ya macho yake tangu asubuhi, na hakuvificha.

“Ni vyangu. Mi nakulaka hivi.”

“Kula basi, tuone.”

Akachukua kimoja, akakitia kinywani, akauma. Mfupa ukapasuka. Mwiba ukazama shavuni kwa ndani, machozi yakamtoka, naye akaendelea kutafuna akimtazama Rénovat usoni. Alimeza alichoweza kumeza, pamoja na damu. Juu ya dari hakukusikika kitu. Rénovat akatema mate sakafuni na kuwaita wenzake waondoke.

Hyacinthe alishuka wakati sauti zao zimepotelea mtaa wa pili. Khadidja alikuwa ameketi chini, shavu limevimba, vidole kinywani akiuvuta mwiba. Mwalimu akamshika mkono upesi.

“Usivute, dada. Meno ya mwiba yanaangalia nyuma, yatachana nyama yote. Lazima niusukume utokee nje, kwenye shavu.”

Akachukua koleo. Akaliacha likaanguka, akaanza kulia, akasema hawezi, hawezi kumtoboa uso mtu aliyemfanyia haya. Khadidja aliona hasira, kwa maumivu na kwa woga wote alioumeza. Akaliokota koleo, akampa, akamshika imara kifundo cha mkono.

“Sukuma,” alisema, akafungua kinywa.