Friji za Mchangani

Transfoma ya Mchangani ilikufa siku ya kumi na moja ya Ramadhani, saa ya kufuturu, uji ukiwa bado jikoni. Ilivuma kama nyuki waliochokozwa, ikakohoa moshi mweusi, mafuta yake yakachuruzika nguzoni mpaka chini, na mtaa mzima ukafuturu gizani. Wengine walisema ni jicho la mtu. Wengine walisema ni mali mbovu, iliyotupwa kaskazini kwa kuwa huku hakuna wa kulalamika.  Alima ukweli aliujua: hesabu iliyochagua transfoma ile ilitoka mkononi mwake.

Alikuwa fundi wa umeme pale Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, mzaliwa wa Olumbi, mwenye diploma ya mji wa Pemba, ule wa huko huko Msumbiji, na viatu vilivyokwisha visigino. Mwaka uliopita alipita nyumba themanini na nne za Mchangani, mtaa wa watu waliorudi kutoka ukimbizini baada ya vita kuchoma nyumba zao, akauliza kila mlango: mna vyombo gani vya umeme? Kila mlango ukajibu: taa mbili na simu. Akajumlisha taa na simu, akaongeza mashine ya barafu ya akina mama wauza samaki, akapiga hesabu kama alivyofundishwa, ikatoka kVA thelathini na tano, kwa kipimo cha transfoma. Akaandika: transfoma ya hamsini. Ilitosha na kusaza. Kwenye karatasi.

Sasa ilikuwa Mfungo Mosi, na alikuwa anaanza upya. Jumatano asubuhi engenheiro Venâncio, mhandisi mkubwa wake aliyekaa Pemba, alimpigia simu. Walizungumza Kireno, lugha ya ofisi.

“Lori linapanda huko Jumamosi na escolta, ulinzi wa jeshi. Ghalani nimebakiwa na transfoma mbili, ya hamsini na ya mia na sitini. Hiyo kubwa kuna mji mwingine unaililia. Nataka hesabu yako Ijumaa kabla ya saa sita mchana.”

“Na nikichelewa?”

“Napakia ya hamsini. Ikiungua na hiyo, Alima, usinipigie. Mwaka huu ya tatu haipo.”

Alima akatoka na ubao wake wa kuandikia. Jua lilikuwa halijapanda, lakini miguu ilishachoka, kama iliyokumbuka safari ya mwaka jana kabla yeye hajaikumbuka. Nyumba ya kwanza, hodi, karibu, mna vyombo gani? Taa mbili na simu. Ya pili, taa mbili na simu. Ya tano, mwanamume mwenye kofia ya vito alimjibu hivyo hivyo, huku nyuma yake, ukutani, kumesimama kitu kirefu kilichofunikwa kanga.

“Na kile nini, kaka?”

“Kabati.”

“Kabati lina mkia?”

Yule bwana akageuka, akauona waya uliojitokeza chini ya kanga, akausukuma ndani kwa kidole cha mguu. “Mafundi wa siku hizi,” akasema. “Hawamalizi kazi.”

Alima hakucheka. Angecheka, lakini aliyajua mambo hayo yalikoanzia. Yeye mwenyewe na mama yake walikaa miaka miwili katika centro, kambi ya waliokimbia, na kila wiki alipita mtu mwenye ubao na kalamu. Mna nini? Aliyejibu kwamba ana redio, au baiskeli, au sufuria la pili, mwezi uliofuata hakulisikia jina lake likisomwa kwenye lista, orodha ya mgao wa mchele. Huenda ilikuwa hivyo kweli, huenda yalikuwa makosa ya kalamu, nani angejua? Watu walijifunza. “Sina” likawa neno la kuitikia, kama mtu anavyoitikia salamu, bila kufikiri. Vita vikapoa, watu wakarudi, wakajenga, wakauza samaki, wakanunua. Ila wakimwona mtu na ubao, ulimi hutangulia wenyewe: sina.

Mpaka adhuhuri alikuwa amemaliza nyumba arobaini, na karatasi yake ilikuwa pacha wa ile ya mwaka jana. Akajikokota hadi barazani kwa Bibi Zainabo, mkubwa wa akina mama wa barafu, akaketi bila kukaribishwa, akaegemea kitu kilichofunikwa kanga mbili.

“Maji, bibi. Nakufa.”

Bibi Zainabo akamletea maji ya mtungini. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kubeba matenga, na macho yasiyopitwa na jambo.

“Umekunja uso kama uliyemeza ndimu. Mashine yetu lini itawashwa? Jana tumetia chumvi samaki wote. Chumvi, Alima! Jodari yule! Mashine ya barafu tumeipata, tumeipokea kwa ngoma, tumepigwa hata picha, na sasa kuku wanaitagia mayai.”

“Itawashwa nikipata transfoma ya kuibeba mashine na mtaa. Na transfoma nitaipata nikijua mtaa una nini. Wewe una nini, bibi?”

“Mimi? Taa mbili na simu.”

“Na hili nililoliegemea?”

“Sanduku la nguo.”

“Lenye mota ya kupozea?”

“Nguo za baridi hizo.”

Safari hii Alima alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akaona machozi yanamlenga. Akaufunika uso kwa ubao. Bibi Zainabo akaketi karibu naye, goti kwa goti.

“Kosa ni lako, mwanangu. Wapika mchele kwa maneno ya wageni.”

“Mchele gani tena?”

“Mimi hapa nimepika maulidi miaka thelathini, kabla hatujakimbia na baada ya kurudi. Sijamwuliza mtu hata siku moja kama atakula. Nani atakwambia atakula? Si aibu hiyo? Kila mtu atasema ameshiba, anakuja kusikiliza kasida tu. Ukipima mchele kwa maneno hayo utabandika kisufuria cha chai.”

“Sasa unapimaje?”

“Nahesabu masinia yaliyorudi matupu mwaka wa nyuma.”

 Kuku alipita, akadonoa kiatu cha Alima, akaondoka. Kisha Alima akayanywa maji yaliyobaki, akaigeuza karatasi upande mweupe, akainuka. 

“Waenda wapi na jua hili?”

“Kuhesabu masinia.”

Alirudi kwa yule bwana wa kabati. Safari hii hakumwuliza ana nini. Aliushusha ubao, akausimamisha chini, akasema: “Kaka, siku ile mlipokimbia, mliacha nini ndani?”

Yule bwana alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Akaketi kizingitini. “Friji,” akasema. “Ya milango miwili. Nilikuwa nimemaliza kuilipia Alhamisi, na Jumanne iliyofuata tukakimbia. Na feni ya kusimama. Na televisheni ya mke wangu, aliipenda kuliko mimi.” Mkewe, aliyekuwa uani, akapaza sauti: “Na pasi! Usiisahau pasi, ilikuwa ya mamangu!” Na mara wote wawili wakawa wanasema kwa pamoja, wakirekebishana, chombo hiki kilikaa wapi, kile kilikuwa rangi gani, mpaka jirani akasikia, akaja na vyake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumba hadi nyumba, Jumatano ile na Alhamisi yote. Watu wa Mchangani walioshindwa kutaja walichonacho hawakuweza kunyamaza juu ya walichokipoteza. Wengine walitaja kwa majigambo, na hapo majirani walikuwa wakali kuliko mahakama: “Wewe hukuwa na friza, Anuar, ulikuwa unagandisha maji kwa dada yako!” Mama mmoja alitaja jiko la umeme, kisha akataja mwanawe, kisha akaingia ndani, na Alima akasimama mlangoni kitambo, asiandike kitu, kabla hajaenda nyumba iliyofuata. Kufikia jioni masikio yalimuuma kuliko miguu. Kuandika vilivyoungua vya watu, friji baada ya friji, ni kazi isiyo na diploma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Amido, fundi wa kuchomelea, kijana mwembamba mwenye makovu ya cheche mikononi.

“Niliacha mashine ya kuchomelea,” Amido akasema. “Nyekundu. Wapiganaji walioingia mjini waliibeba, hawakuichoma hata. Nimelala nikiiota mwaka mzima.” Akakuna shingo. “Dada Alima, hiyo karatasi ina majina?”

“Haina.”

“Wallahi?”

“Wallahi. Ina namba tu. Jina la mtu siandiki.”

Amido akachungulia njiani, kulia na kushoto, akamwita ndani. Akaliinua turubai lililokuwa chini ya kitanda. Mashine ya kuchomelea ilikaa pale, mpya, bluu, bado na nailoni yake.

“Ndugu yake,” akasema Amido, akatabasamu kwa haya kama anayemwonyesha mtu mchumba.

Habari ya kiapo ilimtangulia Alima kurudi njiani. Alipopita tena, pazia moja likainuliwa, kisha jingine. Kanga zikafunuliwa. Karibu nusu ya vyombo walivyovililia watu walikuwa wameshavinunua tena, na nusu iliyobaki ilikuwa ikitafutiwa fedha.

Alhamisi usiku akapiga hesabu mezani. Kwa wastani kila nyumba, kilowati moja nukta sita. Nyumba zote themanini na nne, mia na thelathini na nne. Lakini watu hawapigi pasi wote saa moja, kama wasivyokula wote sinia moja. Akachukua nusu, sitini na saba. Mashine ya barafu kumi na tano. Mashine ya kusaga unga, aliyoikuta mtaani safari hii, kumi na moja. Ya Amido nane. Jumla mia na moja. Akagawa kwa nukta nane, kwa kuwa mota huvuta umeme zaidi ya ule zinaoufanyia kazi: kVA mia na ishirini na sita. Akaongeza robo, kwa ajili ya friji zilizokuwa bado njiani. Mia hamsini na nane.

Akaitazama namba ile muda mrefu. Kisha akaandika: transfoma ya mia na sitini, akaituma karatasi kwa simu, akalala na viatu.

Venâncio alipiga Ijumaa saa tatu asubuhi.

“Mwaka jana thelathini na tano, mwaka huu mia hamsini na nane. Wamezaliana?”

“Mwaka jana niliuliza vibaya.”

“Na hii robo ya mwisho ni nini? Wewe mwenyewe umeandika hapa, vyombo vilivyoungua na ambavyo havijanunuliwa tena. Unataka nitie sahihi kwa friji za majivu?”

“Nusu ya friji walizozitaja nimezigusa kwa mkono wangu, engenheiro. Nyingine zitakuja. Transfoma inakaa nguzoni miaka ishirini, haikai wiki moja.”

 Alisikia kalamu ikigonga meza huko Pemba.

“Sawa. Niletee majina. Kila mwenye chombo, jina na sahihi yake, kabla ya saa sita. Wakubwa wangu wataniuliza, nami nitawaonyesha.”

Alima akayafumba macho. Saa tatu zilikuwa zimebaki, nyumba themanini na nne, na watu wangeweza kumpa. Bibi Zainabo angetia sahihi, Amido labda. Halafu karatasi ile ingekaa katika faili, na faili hukopeshwa, na siku moja mtu wa mchele angeomba aione. Huenda asingeomba. Nani angejua?

“Majina sina,” akasema.

“Huna, au hutaki?”

“Niliapa.”

“Umeapa! Alima, mimi nitasimama juu ya nini?”

“Juu yangu. Pale chini pameandikwa fundi mwenye dhamana. Natia sahihi peke yangu, kwa nyumba zote. Mwaka ukiisha na mzigo wa umeme haujafika namba hiyo, andika kwamba nilidanganya, nifukuze kazi.”

Venâncio akapumua kwa nguvu. “Wewe una kichwa kigumu,” akasema, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka kama yeye. “Tia sahihi. Sikuahidi kitu.”

Jumapili lori lilipoingia na vumbi lake, Alima hakuwasogelea waliokuwa wakishangilia. Alipanda gurudumu, akafuta kibao cha chuma kwa ncha ya mtandio, akasoma. Mia na sitini. Akashuka polepole, akaketi kivulini mwa lori lenyewe.

Iliwashwa Jumatano, alasiri ikiingia. Mashine ya barafu ilinguruma, kuku wakatimka. Alima alibana kipimo chake kwenye waya mmoja baada ya mwingine. Transfoma ya zamani ingeungua ikipita ampea sabini na mbili. Hii ilikuwa na uwezo wa mia mbili na thelathini. Kipimo kilisimama mia na arobaini.

Akamtumia Venâncio namba hiyo tu, bila neno. Baada ya dakika moja jibu likaja: “Na friji zilizo njiani?” Akaandika: “Zina nafasi.”

Jua lilipozama Bibi Zainabo alikuwa barazani. Akainua pembe ya kanga, akafungua, akatoa chupa ya maji yenye jasho la baridi, akampa. Kisha akaifunika friza tena, akalainisha kanga kwa kiganja, pembe kwa pembe.

“Bibi, mbona bado unaifunika?”

“Nguo hizo,” akasema Bibi Zainabo. “Kunywa.”

Alima akanywa. Baridi ikampiga kwenye meno. Alipomaliza alichukua kipimo chake akarudi nguzoni, kwa kuwa saa mbili usiku ndipo watu hupiga pasi, na alitaka kuiona namba ya saa hiyo kwa macho yake.